Maana ya Neno na Vipande Vyake: Mfano wa Kivumishi cha Kiingereza 'Internecine'

Utangulizi

Mwalimu mwanachuo mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliulizwa swali na mwanafunzi wa Darasa la Saba. Mtoto huyo alikuwa amenunua maandazi asubuhi, nayo yalifungwa katika kipande cha gazeti la Kiingereza. Alipokwisha kula alikinyoosha kile kipande, akakisoma, akakuta maneno mawili yaliyofuatana: 'internecine war'. La pili alilijua kuwa ni vita. La kwanza hakupata kulisikia. Akayanakili nyuma ya daftari lake, na kipindi cha Kiingereza kilipofika akanyoosha mkono.

Mwalimu naye hakulijua neno hilo. Lakini watoto hamsini na zaidi walikuwa wakimtazama, na nyuma kabisa alikuwa ameketi mkufunzi wake na karatasi ya tathmini. Akafikiri upesi. Akakumbuka kwamba 'international' ni ya kimataifa, yaani baina ya taifa na taifa. Basi akaandika ubaoni kwamba 'internecine war' ni vita baina ya nchi na nchi. Watoto wakanakili.

Mkufunzi huyo ndiye mimi niandikaye makala haya. Jibu lililoandikwa ubaoni lilikuwa karibu kinyume cha maana ya neno lenyewe, kwa kuwa waandishi wa leo hulitumia mara nyingi kwa ugomvi wa watu wa nchi moja, chama kimoja au nyumba moja. Hata hivyo kosa la mwalimu yule halikuwa la mzembe. Alijikwaa katika kiambishi kile kile kilichomkwaza Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri wa Uingereza.

Neno 'internecine' si la kufundishwa katika shule ya msingi, na wala siandiki ili walimu wakalifundishe. Nalitumia kama kielelezo. Historia yake inaonyesha jambo ambalo kila mwalimu wa lugha hana budi kulijua kabla hajashika chaki: kwamba vipande vya neno vyaweza kutupa fununu ya maana, lakini maana yenyewe hukaa katika matumizi ya watu. Tutaangalia asili ya neno, jinsi maana yake ilivyogeuka, matumizi yake ya leo, na mwisho hatua ambazo mwalimu aweza kuzifuata anapokutana na neno geni darasani.

1. Asili ya neno

Neno hili lilitoka katika Kilatini. Kiini chake ni kitenzi 'necare', maana yake kuua. Warumi walipokiongezea kiambishi awali 'inter-' walipata 'internecare', yaani kuua hata asibaki mtu. Kutokana na kitenzi hicho kikaundwa kivumishi 'internecinus', kilichotumika kwa vita vya kuangamiza: vita ambavyo mwisho wake si mkataba wala kulipishana kodi, bali ni kuumaliza upande mmoja kabisa.

Hapa msomaji atauliza: je, 'inter-' si 'baina ya'? Ni kweli kwamba katika Kilatini kiambishi hiki aghalabu kilikuwa na maana ya baina au katikati, na ndivyo kilivyoingia katika maneno mengi ya Kiingereza. Lakini katika vitenzi vichache kilifanya kazi nyingine, nayo ni kukitia kitendo nguvu ya kufika mwisho, hasa mwisho wa uharibifu. 'Ire' ni kwenda, bali 'interire' ni kuangamia. 'Facere' ni kufanya, bali 'interficere' ni kuua. Katika maneno hayo hamna habari ya baina ya huyu na yule.

Kiswahili chetu kinatusaidia kulielewa jambo hili vizuri zaidi. Sisi pia tuna njia ya kukifikisha kitendo mwisho wake: twasema kutupilia mbali, kufutilia mbali, kuulia mbali. Neno 'mbali' hapo halisemi habari za masafa. Mtu aliyemwulia mbali nyoka hakumwua kwa mbali; pengine alimwua miguuni pake. 'Mbali' linatuambia kwamba kitendo kimekamilika na hakina marejeo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 'inter-' katika 'internecare'. Mrumi hakusema kuuana; alisema kuulia mbali.

2. Kosa la Johnson

Kivumishi hiki kiliingia katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 17. Mshairi Samuel Butler alikitumia mwaka 1663 katika 'Hudibras', shairi lake refu la kuwakejeli watu wa zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyopiganwa kati ya 1642 na 1651. Wakati huo bado kilikuwa karibu na maana yake ya Kilatini, yaani vita vya kuua bila huruma.

Mwaka 1746 Samuel Johnson aliafikiana na wauza vitabu wa London kuandika kamusi kubwa ya Kiingereza. Kazi hiyo ilimchukua miaka ipatayo tisa, akiwa na wanakili sita wa kumsaidia, na kamusi ikatolewa mwaka 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha kwa mtu mmoja. Lakini alipofika kwenye 'internecine', Johnson alilipasua neno vipande viwili kama alivyofanya mwalimu wetu. Katika kipande cha kwanza akaona 'baina', katika cha pili akaona 'kuua', akaviunganisha. Akaeleza kwamba maana yake ni kujitahidi kuangamizana. Yaani alikisoma kiambishi cha Kilatini kana kwamba ni kauli yetu ya kutendana. Warumi walisema kuulia mbali. Johnson akasikia kuuana.

Kamusi yake iliheshimiwa na kutegemewa kwa zaidi ya miaka mia. Waandishi wakaanza kulitumia neno kwa vita ambavyo pande zote mbili huangamia. Baadaye, hasa katika karne ya 20, neno likapiga hatua ya pili. Kwa kuwa watu wanaoangamizana mara nyingi huwa ni wa jumla moja, likashika maana ya ugomvi ulio ndani ya kundi moja. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kitabu chake mashuhuri cha matumizi ya Kiingereza, alilalamika kwamba neno hili limenyimwa maana yake ya Kilatini. Malalamiko yake hayakulirudisha. Kosa la mtu mmoja lilikuwa limekwisha kuwa lugha ya wengi.

Je, basi, Waingereza wa leo wanakosea? La. Maana ya neno ni mapatano ya wasemaji wake, na mapatano hayo hubadilika. Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Neno 'kitabu' tulilipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu sauti 'ki' iliyo mwanzoni si kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya mwili wa neno, na wingi wake ni 'kutub'. Wazee wetu walipolisikia waliliweka pamoja na kiti na kisu, wakasema 'vitabu'. Kwa sheria ya Kiarabu huo ni upotovu. Kwa sheria ya Kiswahili ni sahihi, na mtoto atakayeandika 'kutub' katika insha yake atasahihishwa.

Lakini mwanachuo asije akachukua mfano huu kuwa ruhusa ya kubahatisha. Kosa la Johnson liligeuka kuwa sahihi kwa sababu wasemaji wa Kiingereza walilikubali, wakalitumia, wakarithishana. Jibu la mwalimu wetu, kwamba ni vita baina ya nchi na nchi, halikukubaliwa na wasemaji wowote. Lilikaa katika madaftari ya watoto hamsini, na kila mmoja wao angelibeba kwenda nalo popote.

3. Mtego huo huo katika Kiswahili

Mwanafunzi wa shule ya msingi hawezi kufuata habari za Kilatini, wala hana haja nazo. Lakini mtego uliomnasa Johnson umo pia katika lugha anayoisema mtoto kila siku, na mwalimu aweza kuutumia kumfundisha tahadhari.

Wanafunzi wa Darasa la Sita wanafahamu kwamba kiambishi tamati '-ana' huonyesha watu wakitendeana: pigana, pendana, salimiana. Mwalimu aandike ubaoni vitenzi hivi viwili: 'patana' na 'patikana'. Kisha aulize: je, vyote viwili vina maana ya kutendeana? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa vyote huishia kwa '-ana'. Hapo mwalimu asiwakatalie. Aseme tu, 'Tungeni sentensi.'

Watoto watatunga: 'Juma na Ali wamepatana.' Halafu: 'Sukari inapatikana dukani.' Mwalimu aulize: sukari imepatana na nani? Darasa litacheka, na katika kicheko hicho somo limekwisha kuingia. Watoto wenyewe watatambua kwamba '-ana' ya 'patikana' haifanyi kazi ya '-ana' ya 'patana'. Waendelee na jozi nyingine: 'onana' na 'onekana', 'juana' na 'julikana'. Mwisho waseme wao, kwa maneno yao, kanuni waliyoiona: mwisho wa neno unaweza kufanana na mwisho wa neno jingine, na maana zisifanane.

Mwalimu atazame jambo moja hapa. Watoto hawakuitambua tofauti kwa kulitazama neno. Waliitambua kwa kuliweka katika sentensi. Hicho ndicho chombo ambacho Johnson angekitumia, na ambacho mwalimu wetu hakukikumbuka siku ile mbele ya darasa.

4. Maana na matumizi ya leo

Sasa tulitazame neno lenyewe kama linavyotumika leo. Kamusi nyingi za Kiingereza cha sasa huorodhesha maana mbili za karibu. Ya kwanza ni mapigano yanayoziangamiza pande zote zinazohusika. Ya pili, ambayo ndiyo hukutana nayo zaidi magazetini, ni ugomvi mkali ulio ndani ya kundi moja: taifa, chama, ukoo, dini, hata ofisi. Katika maana hii ya pili si lazima damu imwagike. Gazeti laweza kuutaja mzozo wa viongozi wa chama kimoja cha siasa kwa kivumishi hiki, ingawa silaha zao ni maneno na kura.

Kwa upande wa sarufi, kivumishi hiki karibu kila mara hutangulia jina, na majina yanayoandamana nacho ni machache. Mwanachuo atakutana na 'internecine war', yaani vita. 'Internecine strife', yaani ugomvi au misukosuko. 'Internecine feud', yaani uhasama wa muda mrefu wenye visasi. Na 'internecine conflict', yaani mgogoro. Hakitumiki kumsifu mtu. Mtu mgomvi haitwi hivyo, hata akiwa mgomvi namna gani. Kadhalika si kawaida kukiongezea neno la kiasi, kama tunavyosema 'kali sana' au 'kali kidogo'.

Katika matamshi, Waingereza wengi huitia mkazo silabi ya tatu, 'ni', wakaivuta, na silabi ya mwisho wakaitamka karibu na 'sain'. Wamarekani wana matamshi zaidi ya moja, na wengi wao huifanya silabi ya tatu kuwa 'ne' na ya mwisho kuwa 'siin'. Yote yanakubalika mahali pake.

Je, kwa Kiswahili tusemeje? Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. Mara nyingi twaeleza sifa kwa kutumia '-a' ya uhusiano. Usemi ulio karibu na tulionao tayari ni 'vita vya wenyewe kwa wenyewe'. Usemi huo ni mzuri na unaeleweka na kila mtu. Lakini tumekwisha kuuzoea kuwa jina la vita vya silaha vya raia wa nchi moja, ambavyo Waingereza huviita 'civil war', na kwa hiyo haufai kwa mzozo wa chama au wa ukoo. Hapo yafaa kusema 'ugomvi wa ndani', 'ugomvi wa nyumba moja', au 'mzozo wa kuangamizana wao kwa wao', kwa kadiri ya sentensi. Si lazima neno moja la Kiingereza lipate neno moja la Kiswahili. Mwalimu anayetafuta neno kwa neno aghalabu hupata neno na kupoteza maana.

Methali pia husaidia, mradi ichaguliwe kwa uangalifu. 'Kikulacho ki nguoni mwako' inakaribia sana, kwa kuwa inataja madhara yatokayo ndani. 'Wapiganapo tembo nyasi huumia' haifai, ingawa inataja mapigano, kwa sababu maumivu yake huwapata walio nje ya ugomvi.

5. Kulipima neno kwa matukio

Njia bora ya kujua mipaka ya neno ni kulijaribu juu ya matukio ya kweli: mengine linafaa, mengine halifai. Tuchukue manne.

La kwanza ni vita vya tatu vya Roma na Karthago, miji miwili iliyoshindana juu ya bahari ya Mediterania. Mwaka 146 kabla ya Kristo, baada ya kuuzingira mji kwa miaka mitatu, Warumi waliubomoa Karthago, na watu wake waliosalia wakafanywa watumwa. Kwa maana ya Kilatini, hivi ndivyo vita halisi vya kuulia mbali. Lakini kwa maana ya leo neno halifai, kwa sababu hayo yalikuwa mataifa mawili mbalimbali, na upande mmoja tu ndio ulioangamia.

La pili ni vita vya Uingereza viitwavyo Vita vya Mawaridi, kati ya 1455 na 1487. Waliopigana walikuwa matawi mawili ya ukoo mmoja wa kifalme, Lancaster na York. Mfalme Henry wa Sita wa Lancaster aliuawa mwaka 1471, na mwanawe pia. Edward wa Nne wa York alimwua ndugu yake mwenyewe, George, mwaka 1478. Na Richard wa Tatu akaanguka vitani mwaka 1485, kiti kikachukuliwa na Henry Tudor. Hapa neno linafaa kwa maana zake zote: kulikuwa na mauaji, yalikuwa ya pande zote, na yalikuwa ya nyumba moja.

La tatu ni la kwetu pwani. Sultani Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi. Thuwaini alitawala Oman, Majid akatawala Unguja, na mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua Majid, akashindwa kwa msaada ambao Waingereza walimpa nduguye, akapelekwa Bombay. Nyumba yenyewe iligawanyika. Hata dada yao Salme alikuwa upande wa Barghash. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliamua kwamba Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Oman reale 40,000 kila mwaka. Ukoo haukuangamia, na Barghash mwenyewe akawa Sultani mwaka 1870. Kwa hiyo maana ya Kilatini haipo, bali maana ya leo, ugomvi wa ndani ya nyumba moja, ipo wazi. Na mgeni ndiye aliyekata shauri. Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mgeni huyo hakungoja wapatane.

La nne ni zito kuliko yote, na ndilo linalonifanya niamini kwamba kuchagua kivumishi si mchezo. Mwaka 1990 vilianza vita nchini Rwanda kati ya jeshi la serikali na jeshi la RPF. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, kwa siku zipatazo mia moja, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mamia ya maelfu ya watu wasio na silaha waliuawa na askari, wanamgambo na majirani waliochochewa, na pamoja nao Wahutu waliopinga mauaji hayo. Wakati ule wako waandishi wa nchi za nje walioyaita hayo mapigano ya makabila yanayouana.

Angalia kazi inayofanywa na kauli ya kutendana katika maneno hayo. 'Wanauana' ni kusema kwamba kila mmoja ni muuaji na kila mmoja ni mwuawa. Mtoto aliyeuawa kanisani anafanywa mshiriki wa ugomvi. Mwuaji naye anapata mahali pa kujificha. Kivumishi 'internecine', kikitumiwa hapo, kingefanya kosa hilo hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuketi Arusha mpaka 2015, ililieleza jambo hili katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998. Ilisema kwamba vita na mauaji ya kimbari vilitokea wakati mmoja, lakini yalikuwa mambo mawili yaliyotofautiana katika msingi wake. Mtu aliyehukumiwa siku hiyo, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kabla ya kuwa meya alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule.

Basi mwalimu anayemweleza mtoto kwamba neno fulani la vita lina maana hii na si ile, hafanyi kazi ndogo. Siku moja mtoto huyo atasikiliza redio au atasoma gazeti, na atalazimika kupambanua kama alichoambiwa ni ugomvi wa watu wawili au ni mtu mmoja anayemwonea mwingine. Atapambanua kwa maneno aliyofundishwa.

6. Hatua za mwalimu

Mwalimu akutanapo na neno geni, ama katika maandalio ya somo ama kwa swali la ghafula la mwanafunzi, yafaa afuate hatua hizi.

Kwanza, aombe sentensi nzima. Neno lililokatwa peke yake ni kama mtu aliyekutwa njiani bila jamaa zake. Ni vigumu kujua ukoo wake. Mwanafunzi aliyeleta maneno mawili tu atumwe akalete kipande chote cha gazeti.

Pili, akisie, lakini akiite kisio kwa jina lake. Kuchambua viambishi si kosa. Ni ufundi unaofaa, na mara nyingi hufaulu. Kosa ni kukiandika kisio ubaoni kana kwamba ni jibu.

Tatu, atazame kamusi, na ikiwezekana zaidi ya moja. Asisome maana ya kwanza tu akaifunga. Asome mifano, aangalie ni majina gani yanayoandamana na neno lile, na maana gani ni ya zamani.

Nne, alieleze kwa Kiswahili kwa njia ya usemi kamili, asilazimishe neno kwa neno.

Tano, alipime kwa mifano miwili: mmoja ambao neno linafaa, na mmoja ambao halifai. Mfano usiofaa hufundisha sawasawa na ule unaofaa, na mara nyingine hufundisha zaidi.

Sita, akiwa hajui, aseme hajui, na aahidi siku ya kuleta jibu. Kisha aitimize ahadi. Kuuliza si ujinga, na mwanafunzi aliyemwona mwalimu wake akitafuta atajifunza naye kutafuta.

Hitimisho

Inasimuliwa kwamba bibi mmoja alimwuliza Johnson kwa nini katika kamusi yake alieleza neno fulani la mguu wa farasi kuwa ni goti, ilhali ni sehemu iliyo juu kidogo ya ukwato. Watu walitazamia hoja ndefu kutoka kwa mtaalamu huyo. Akajibu bila kuzunguka kwamba ni ujinga wake tu. Heshima yake haikupungua. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo kwa kumsifu.

Nirudi kwa mwalimu wetu. Baada ya kipindi tuliketi chini ya mwembe wa shule, nikamwonyesha kamusi. Alisoma, akanyamaza, kisha akaniuliza, 'Mkufunzi, nifanyeje, nao wamekwisha kuandika?' Nilimwambia kwamba chaki hufutika, na daftari pia lina nafasi ya kusahihisha. Kesho yake aliingia darasani, akaitikia salamu ya watoto, akaandika neno lile lile ubaoni. Akasema, 'Jana niliwaeleza vibaya. Nilikisia.' Akawaeleza habari ya kiambishi kilichomdanganya, akawapa mfano wa 'patana' na 'patikana', na watoto wakaisahihisha sentensi ile kwa mikono yao. Yule mtoto wa maandazi ndiye aliyeitwa kuisoma kwa sauti.

Katika karatasi ya tathmini, kipindi cha kwanza nilikipa alama za wastani. Cha pili nilikipa alama za juu kuliko zote nilizotoa muhula ule.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti ya maana kati ya 'kuuana' na 'kuulia mbali'. Ni upi kati ya semi hizi unaokaribia maana ya Kilatini ya neno tulilojadili?

2. Tafuta maneno matatu ya Kiswahili yaliyotoka lugha nyingine, ambayo silabi yake ya kwanza tumeifanya kiambishi cha ngeli. Eleza wingi wake.

3. Andaa kipindi cha dakika arobaini kwa Darasa la Sita juu ya 'onana' na 'onekana'. Wanafunzi waigundue tofauti wao wenyewe.

4. Chagua habari moja ya ugomvi kutoka gazetini. Je, yafaa kuuita ugomvi wa ndani, vita vya wenyewe kwa wenyewe, au uonevu? Toa sababu.

5. Mwanafunzi amekuuliza neno usilolijua, na mkaguzi yumo darasani. Andika maneno utakayomwambia mwanafunzi.